Vim baada ya miezi minane: niliandika "habari", ikatokea "bari"

Siku ya kwanza nilifungua Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa kibodi tu, kwenye seva ya kazini nikaandika "habari". Ikatokea "bari". Nikadhani kibodi imekufa. Kumbe Vim huanza katika hali ya amri, ambako kila herufi ni agizo: h inasogeza kishale kushoto, a inafungua hali ya kuandika, na kuanzia hapo ndipo maandishi yanaingia. Herufi zangu mbili za mwanzo zilikuwa zimeliwa kama amri.

Kutoka ni Esc, kisha :q! na Enter. Wanaotania kwamba haitokeki hawakufika ukurasa wa pili wa maelezo.

Ninachokipenda ni milango ya kuingilia hali ya kuandika. i unaandika kabla ya kishale, A mwisho wa mstari, o mstari mpya chini, O juu. Mimi naishi kwa o na A. Halafu kuna nukta. Juzi nilikuwa na waraka wenye "kompyuta" kila mahali, bosi anataka "tarakilishi". Nikatafuta kwa /kompyuta, nikabonyeza cw (badilisha neno), nikaandika neno jipya, Esc. Baada ya hapo ni n kwenda linalofuata na nukta kurudia, huku nikiacha yale ya ndani ya majina ya bidhaa. Chai haikupoa.

Sasa machungu. Herufi u hutengua kila ulichoandika tangu ulipoingia hali ya kuandika, si neno la mwisho. Niliandika aya mbili bila kugusa Esc, nikataka kufuta kosa moja, nikabonyeza u: zote zikayeyuka. Ctrl-r ilizirudisha, lakini jasho lilikuwa limeshanitoka. Siku hizi nagonga Esc kila baada ya sentensi. Caps Lock nayo ni adui: unataka kushuka kwa j, inakuwa J, mistari inaunganishwa. Na ukibandika msimbo wa programu bila :set paste, inaweza kujipanga kama ngazi.

Esc yenyewe iko mbali mno na vidole. Bill Joy aliyeandika vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976 alitumia mashine ya ADM-3A, na Esc yake ilikuwa pale ilipo Tab leo. Sisi tumerithi amri bila kibodi yake. Natumia Ctrl-[ badala yake.

Ukifungua Vim bila faili, mara nyingine inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Nilidhani ni tangazo la matapeli. Ni kweli: Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, aliwahi kujitolea Kibaale, hukohuko Uganda, na programu ni ya bure ila anayeweza achangie huko.

Mdogo wangu aliijaribu siku mbili akarudi nano, programu nyingine ya kuhariri, yenye amri zake zimeandikwa chini ya skrini. Yeye huhariri faili moja kwa mwezi, sikumbishia.