Hugin na picha pana za mji wa Lamu: uzoefu wangu

Mji wa Lamu ukiutazama kutoka ng'ambo, kisiwa cha Manda, hauenei kwenye picha moja. Ukiweka lenzi pana sana, nyumba zinakuwa kama kamstari kembamba katikati na picha nzima inamezwa na bahari na mbingu. Kwa hiyo mimi hupiga kipande kipande, kutoka mtaa wa Langoni upande wa kushoto hadi mtaa wa Mkomani upande wa kulia, kisha naviunga kwenye laptopu kwa programu iitwayo Hugin. Naipenda sana, na ningetamani kila anayepigia picha nyumba za wageni huku kwetu aijue.

Kwanza, ni ya bure moja kwa moja, wala haikwambii baada ya muda ulipie. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Msingi wake ni Panorama Tools, kazi aliyoianza Mjerumani Helmut Dersch mwaka 1998. Ukiipakia picha, inasoma taarifa zilizoachwa na kamera, inatafuta alama zinazofanana kati ya picha na jirani yake, halafu inazipanga. Kwa picha za nchi kavu, mara nyingi hapo kazi imekwisha.

Bahari ndiyo yenye mambo. Programu ya aina hii haijui maji ni maji. Inaona kiwimbi kinachong'aa, inakitia alama, na kwenye picha ya pili kiwimbi hicho kimeshahama. Ukiziacha alama hizo, kuta za nyumba zinavutwa na kupinda bila sababu. Hapa ndipo Hugin inapostahili sifa: unafungua orodha ya alama, unaziona moja moja juu ya picha, unazifuta zote za majini na za mawinguni, unabakisha za madirishani, za mapembe ya kuta na za minara ya misikiti. Kisha unaiambia ipange upya, nayo inakuonyesha tofauti iliyobaki kwa pikseli. Mimi hutaka wastani usizidi pikseli 2.

Picha ikiwa imelala upande, unaweka alama za wima: nukta mbili juu ya pembe moja ya ukuta, na programu inaisimamisha. Chagua nyumba. Mlingoti wa jahazi usiuguse, maana umeinamia mbele tangu ulipotoka kwa fundi!

Halafu kuna vyombo vinavyopita. Mkondo ule hautulii: mashua inaingia, boti ya abiria inatoka, na mshono wa picha ukiangukia katikati ya chombo unapata tezi bila omo. Dawa yake ni maski. Unauchora mpaka kuzunguka chombo kilichokatika kwenye picha moja na kusema kisitumike. Programu inachukua sehemu hiyo kutoka picha ya jirani, ambako chombo ni kizima au hakijafika. Hilo linawezekana tu kama picha zimepishana vya kutosha, ndiyo maana sipigi chini ya thuluthi moja ya kupishana. Simu nyingi zenye panorama yake hazikupi nafasi hiyo. Zikishakata jahazi limekatika.

Upigaji wenyewe: kamera wima, mwanga, fokasi na rangi vyote nimevifunga kwa mkono visibadilike njiani. Nenda asubuhi. Mji unatazama mashariki, na jua la asubuhi linazipiga kuta za mawe ya matumbawe usoni. Alasiri jua liko nyuma ya mji na kuta zote ni kivuli. Piga ukiwa umesimama nchi kavu, si ndani ya boti, kwa sababu boti inasogea na kila picha inakuwa imepigwa mahali pengine.

Ndani ya nyumba ni kazi ngumu zaidi. Ukuta wa zidaka, yaani wenye vishubaka vya kuwekea vitu, una mistari mingi ya karibu, na ukigeuza mwili badala ya kuizungusha kamera kwenye lenzi yake, vitu vya mbele vinahama dhidi ya vya nyuma na hakuna programu itakayoviunga vizuri. Stendi ni lazima.

Kuhusu namna ya kuilaza picha iliyoungwa (projection): bapa (rectilinear) inazinyoosha kingo za kuta, lakini ukipita digrii 120 hivi pembeni kunavutika vibaya. Ukizunguka juu ya paa tumia silinda (cylindrical), na ukubali kwamba mstari wa gati utapinda kidogo.

Lightroom, programu ya picha ya kampuni ya Adobe, ni rahisi zaidi na inakupa faili ya DNG unayoweza kuirekebisha mwanga baadaye, ila ni ya kulipia na alama za kuunganishia hazishikiki kwa mkono. Kama picha zako hazina maji mengi na pesa ipo, itakutosha. Hugin inadai subira, menyu zake ni nyingi, na kwenye laptopu yenye memori ndogo picha kubwa inachukua muda mrefu kutoka. Anza na mwonekano rahisi, jaribu kwa ukubwa mdogo kwanza, ukiridhika ndipo utoe faili kamili ya TIFF ya kuchapisha.