Jasi kwenye bustani yangu Utawala: inafaa, ila si kwa kila udongo

Kama unakaa Utawala, Ruai au Embakasi hapa Nairobi na unamwagilia mboga kwa maji ya kisima, haya yanakuhusu. Udongo wetu mweusi wa pamba tunaujua: mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unapasuka. Wangu ulikuwa umezidi. Maji yalituama juu ya tuta mpaka yakakaukia hapohapo, kisha uso ukafanya ukoko ambao miche ya vitunguu ilishindwa kuutoboa.

Muuzaji wa agroveti aliniambia jasi, yaani ule unga wa madini uitwao jipsamu, inaondoa asidi. Si kweli, na inaniudhi kwa sababu watu wanapoteza pesa hivyo. Kazi ya kupunguza asidi ni ya chokaa. Jasi huleta kalsiamu na salfa, lakini pH, yaani kipimo cha asidi, huiacha karibu palepale ilipokuwa. Faida yake kwangu ni nyingine. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana sodiamu nyingi, na ikizidi kwenye udongo wa mfinyanzi, chembe zinaachana na kuziba njia za maji. Kalsiamu ikiingia inaing'oa sodiamu, chembe zinashikana tena.

Nilipeleka udongo kupimwa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, kule Kabete, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Lakini kuna kipimo cha nyumbani kisicho na gharama. Chukua kibonge cha udongo mkavu, kiweke taratibu ndani ya glasi ya maji ya mvua, usikoroge, kiache hadi kesho yake. Changu kilizungukwa na wingu la tope, na maji hayakutulia hata asubuhi. Huo ndio udongo unaohitaji jasi. Kibonge kikibomoka tu na maji yakabaki maangavu, pesa yako ipeleke kwenye mboji.

Nilitia kama kilo moja kwa kila mita mraba, nikachanganya na samadi na udongo wa juu kwa jembe, kabla tu ya mvua za masika. Bila maji mengi ya kuiteremsha sodiamu, na mtaro wa kuyapitisha, ni kazi bure. Vumbi lake linawasha koo, kwa hiyo funika pua. Jasi safi ina takriban asilimia 23 ya kalsiamu, lakini mfuko niliouziwa haukuandikwa kiwango chochote, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa.

Sasa maji yanazama, na ukiinua jembe udongo unavunjika punjepunje. Kiangazi bado unapasuka. Jasi haigeuzi aina ya udongo.

Kuhusu nyanya kuoza kitako, ambako ndiko kunakowapeleka wengi dukani: tunda linakosa kalsiamu, ila mara nyingi ni kwa sababu leo umelowesha shamba, halafu siku kadhaa hujagusa mpira wa maji. Zangu zimepungua kuoza, lakini nilikuwa pia nimetandaza nyasi kavu na kumwagilia kwa mpango, kwa hiyo siwezi kuipa jasi sifa yote.

Mabaki ya dari ya jipsamu kutoka kwa mafundi msiyatie shambani. Yana karatasi na viungo vingine vya kiwandani. Na dada yangu, mwenye udongo mwekundu kule Kikuyu, nilimkataza kununua. Nilimwambia apime asidi kwanza, kwani huenda anachohitaji ni chokaa.