Samaki na chipsi za pale kando ya maji: waambie wasifunge boksi

Nimeenda mara mbili ndani ya wiki moja kwenye hiki kibanda cha samaki na chipsi kilichopo kando kabisa ya maji, vile vya dirisha moja tu, unaagiza unalipa unasubiri namba yako unabeba, ndani hakuna kukaa. Mara ya kwanza niliondoka nimenuna, mara ya pili namsimulia kila mtu, na kilichobadilika ni kifuniko cha boksi tu, basi.

Siku ya kwanza foleni ilikuwa ndefu, nimesimama kama dakika 20 harufu inanitesa. Jamaa akanipa boksi limefungwa, juu kaweka mfuko wa plastiki kapiga na fundo, nikasema nitembee taratibu mpaka benchi la mwisho kule kusiko na watu. Kufungua tu mvuke ukanipiga usoni, ndani ya kifuniko matone ya maji yamejipanga yanamdondokea samaki, lile ganda la unga limelegea linabanduka lenyewe, chipsi zimelala, ukishika moja inapinda. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba samaki mwenyewe alikuwa mtamu, hana shombo, yaani kazi nzuri ya jikoni imeharibiwa na plastiki kwa mwendo wa dakika 5.

Nikarudi. Safari hii foleni hakuna, nikasimama dirishani kabisa nikaangalia wanavyofanya. Uji wa unga wanautoa kwenye friji ukiwa wa baridi, una mapovu, wanachovya mnofu, halafu hawautupi kwenye mafuta, yule mkaangaji anaushika kwa ncha ya mkia anaupitisha juu ya mafuta taratibu, nusu ndani nusu nje, sekunde kadhaa mpaka unga ushike ndo anaachia, ukiuachia mnofu ghafla unazama unaganda kwenye wavu wa chini. Mafuta yakiwa moto vizuri, kama nyuzi 180 hivi, ganda linakauka haraka na samaki anaiva kwa mvuke wake humo ndani, yakiwa ya uvuguvugu unga unanywa mafuta tu. Chipsi nazo wanakaanga mara mbili, kwanza moto mdogo ziive ndani, nikaziona zimepumzika kwenye kapu zimepauka, mtu akiagiza ndo zinarudi kwenye moto mkali zipate rangi.

"Dada, nikufungie?"

"Hapana kaka, niachie wazi hivyo hivyo, niwekee karatasi tu chini."

Aisee. Nilivyokata kile kipande ganda likalia kwaa, ndani lina vijishimo vya hewa, halafu nyama nyeupe inaachana yenyewe tabaka tabaka na moshi unatoka. Chipsi nene, nje ngumu kidogo ndani kama viazi vya kupondwa. Siki nilikuwa nanyunyiza kidogo kidogo kila ninapokula, ukiimwaga yote mwanzo unalowesha kila kitu, na limau nikamkamulia samaki peke yake.

Zamani kule Uingereza, ambako hiki chakula ndo kimekulia, walikuwa wanafunga kwa magazeti, wakaja kuacha kwa ajili ya wino, lakini karatasi ilikuwa na faida kwamba inapitisha mvuke na inanyonya mafuta, plastiki haifanyi hata kimoja. Sasa kibanda kinachojua kukaanga vizuri hivi kinashindwa vipi kutoboa matundu mawili kwenye boksi? Niliwaambia, wakanisikiliza vizuri tu, natumaini watafanya.

Mengine: sosi ni kikopo kidogo mno kwa samaki wa ukubwa ule, omba viwili. Chumvi waweke wao chipsi zikiwa bado moto maana zikipoa haishiki. Na wale shakwe, wale ndege wa majini, wako makini sana, wanakaa kwenye nguzo wanakuangalia, ukigeuka tu chipsi imeenda, kwa hiyo kaa umeegemea ukuta, boksi liwe mapajani.

Kama mnaenda wawili mmoja asimame foleni mwingine ashike benchi la karibu, msiende lile la mwisho. Na ukiona samaki wamekaangwa zamani wamewekwa chini ya taa wanapashwa, sema unasubiri wanaotoka kwenye mafuta. Mi nilisema, na yule kaka alitoa mnofu mwingine bila hata kuguna.