Ofisi moja ya nyumba na mitaa: maoni ya katibu wa wapangaji

Nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizopungua nitazieleza, na moja kati ya hizo inaniuma.

Mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji. Nyumba ya mtu ikivuja, mtu akipewa notisi ya kuhama, taa ya kichochoro ikiungua, simu ya kwanza inapigwa kwangu. Kwa hiyo jiji letu lilipovunja idara ya maendeleo ya mitaa na idara ya nyumba, likaziunganisha kuwa ofisi moja, sikupata nafasi ya kukaa pembeni nitazame mambo yatakwendaje. Nimeingia humo nikiwa na majalada ya watu ninaowajua kwa sura, na ninayoyasema hapa yanatokana na majalada hayo.

Nianze na lililo zuri, maana ni zuri kweli.

Zamani mkaguzi wa majengo alikuwa na kitengo chake, ruzuku ya ukarabati ilikuwa kitengo kingine, na makazi ya muda yalikuwa kitengo cha tatu. Mkaguzi akikuta ukuta umepasuka, anaandika kwamba jengo si salama, basi, kazi yake imekwisha. Notisi inabandikwa mlangoni, mwenye nyumba anapata sababu ya kuwatoa wapangaji, na wale wale waliolalamikia ukuta ndio wanaojikuta na magodoro nje. Ndiyo maana watu walikuwa wanaficha ubovu. Nimemwona mama akisukuma kabati lifunike ukungu wa ukutani mara tu mkaguzi alipobisha hodi.

Sasa jalada ni moja. Taarifa ya mkaguzi haitoki kwenda kwa mtu yeyote kabla afisa wa ruzuku na afisa wa makazi ya muda hawajaiona. Hapa jirani kuna bibi ambaye paa lake lilikuwa limeoza upande wa jikoni. Mkaguzi alikuja na kipima unyevu, akakibana kwenye boriti, akasoma, akapiga picha, kisha akamuuliza swali ambalo sikuwahi kumsikia mkaguzi akiliuliza: "Bibi, mafundi wakifumua hapa, utalala wapi?" Jibu la bibi liliandikwa papo hapo, kwa sababu fomu yenyewe ina nafasi ya swali hilo. Mwenye nyumba alipewa muda wa kutengeneza na ruzuku ya kumsaidia gharama, kwa sharti kwamba hatapandisha kodi ya pango mpaka kipindi kilichoandikwa kwenye mkataba kiishe. Bibi alihifadhiwa kwingine wakati wa kazi, akarudi chumbani kwake. Kama muungano huu usingefanya jambo jingine lolote, hilo peke yake lingetosha kunifanya niutetee mbele ya mtu yeyote.

Mapokezi ni mazuri. Wahudumu wanajua kazi yao na hawakurushi dirisha hadi dirisha. Tovuti ni nzito, lakini inafanya kazi.

Nyota ya kwanza niliyoikata ni ya orodha ya wanaosubiri nyumba. Kila idara ilikuwa na orodha yake na vigezo vyake, na zilipochanganywa, watu waliokuwa karibu kufikiwa walijikuta wamerudi nyuma. Inawezekana vigezo vipya ni vya haki zaidi. Nimevisoma, na kumtanguliza mwenye ulemavu na mwenye watoto wadogo naunga mkono. Lakini mtu aliyesubiri kwa miaka anastahili barua inayomweleza kwa nini amesogezwa. Hakupewa. Alifungua tovuti akakuta namba nyingine.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Kabla ya muungano, eneo letu lilikuwa na afisa wa mtaa mwenye meza hapa hapa. Alijua mfereji upi unaziba mvua ikianza, alijua kiwanja kipi kimetelekezwa na watoto wanapita hapo usiku. Alikuwa na fungu dogo la taa, njia za miguu na usafi wa viwanja. Ofisi yake imefungwa, fungu limeingia kwenye kapu la pamoja, na kapu hilo linapimwa kwa kitu kimoja: idadi ya nyumba zilizojengwa. Nyumba inahesabika na inapigwa picha ya uzinduzi. Taa iliyowaka kichochoroni haimo kwenye taarifa ya mtu yeyote. Matokeo yake, tangu muungano hakuna taa mpya hata moja iliyowekwa huku kwetu.

Wapo wanaoniambia dawa ni kuzitenganisha tena idara. Sikubaliani nao. Chicago ilizamisha idara yake ya nyumba ndani ya idara ya maendeleo ya jamii mwaka 2009, na mwaka 2019 ikairudisha isimame peke yake. Kibao cha mlangoni unaweza kukibadilisha kila muongo, na ukivunja ofisi hii leo, utamrudisha yule mama kwenye kabati lake. Tunachohitaji kimeshafanywa kwingine bila kuvunja chochote. Vienna ilianza mwaka 1974, katika wilaya ya Ottakring, kuweka ofisi ndogo za kuhudumia maeneo ya majengo ya zamani, ili wakazi wapate ushauri wa ukarabati na haki zao karibu na wanakoishi. Singapore nayo, yenye shirika la umma la nyumba tangu 1960, ilitunga sheria mwaka 1988 iliyokabidhi utunzaji wa maeneo ya pamoja kwa mabaraza ya miji midogo, shirika likabaki na ujenzi. Anayejenga na anayetunza si lazima wawe mtu mmoja, mradi jalada wanalolisoma liwe moja.

Na kapu la pamoja si kosa kwa asili yake. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1974: ruzuku kadhaa za serikali kuu, kila moja na masharti yake, zikawa fungu moja, na majiji yakaachiwa yaamue yenyewe. Lakini fungu hilo lina uzio. Leo sheria inataka si chini ya asilimia 70 ya fedha ziwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, na jiji lazima liwasikilize wakazi hadharani kabla ya kuzipangia matumizi. Kapu letu halina uzio wa namna hiyo, na kapu lisilo na uzio linaishia kwa mwenye mradi mkubwa na mwanasheria wa kuuandika.

Kamati yetu imeandika barua yenye maombi mawili: sehemu ya fungu itengwe kwa ajili ya mitaa na isiguswe kwa ujenzi, na afisa wa mtaa arudishiwe meza yake huku, akitumia mfumo ule ule wa jalada moja. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri, na itajadiliwa kwenye kikao cha bajeti, ambacho ni cha wazi.

Wewe unayekwenda pale kwa mara ya kwanza: beba mkataba wa upangaji, risiti za kodi, na picha za ubovu zenye tarehe. Huna mkataba wa maandishi? Nenda hivyo hivyo, risiti na shahidi wanakubaliwa. Usiondoke dirishani bila namba ya jalada na jina la afisa anayelishika. Na ukiulizwa utalala wapi mafundi wakianza kazi, usijibu kwa heshima kwamba utajua mwenyewe. Sema ukweli, waandike.