Mafunzo ya walimu wa mazoezi kuhusu dimenshia, Nakuru: uzoefu wangu

Nafundisha mazoezi ya viungo hapa Nakuru, na wateja wangu wengi wa asubuhi ni wazee. Baadhi wameanza kusahau, na familia huniuliza kama bado wanaweza kuja. Ndiyo maana nikalipia mafunzo haya ya dimenshia, yaani hali ya ubongo kudhoofika hadi mtu anapoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Asubuhi ilikuwa slaidi juu ya slaidi, zote kwa Kiingereza. Kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, kwamba si uzee wa kawaida wala si kurogwa. Kwamba mazoezi hayaiponyi, ila husaidia nguvu za miguu, kutoyumba na usingizi. Nusu saa ingetosha.

Thamani ya pesa yangu niliiona mchana, wazee wenyewe walipoletwa ukumbini na watu wa nyumbani kwao. Mkufunzi alitukataza kutoa maagizo mawili kwa pamoja. Simama mbele ya mzee, inua mkono wako, nyamaza, subiri. Kusubiri ndiko kugumu, hasa kwa sisi tuliozoea kuhesabu kwa kelele! Mkeka mweusi ukaondolewa, kwa kuwa mwenye dimenshia anaweza kuuona kama shimo. Kioo kikafunikwa shuka: asipojitambua humo, atadhani kuna mgeni anamkodolea macho. Jimu yangu ina kioo ukuta mzima, kwa hivyo bei ya pazia nishaiulizia.

Halafu mtu akacheza wimbo wa mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, kwenye simu. Shosho (bibi) mmoja, aliyekuwa amekataa katakata kuinuka kitini, akamshika mkono guka (babu) aliyeketi karibu naye, wakaenda hatua mbili, wakainama, bila kuelekezwa na yeyote. Kumbe kile mwili ulichokizoea mara nyingi hubaki hata majina ya watoto yakishapotea. Walimu Wakalenjin nao wakaanza kubishana ni wimbo gani wa kwao ungefaa, ukumbi ukawa soko.

Lawama yangu: mzee akianguka, au akitaka kutoka nje katikati ya kipindi, ufanyeje? Hapo walipita mbio. Walisema tu mtu wa nyumbani asiondoke, na namba yake ya simu iandikwe.

Kama una darasa la mazoezi ya kwenye viti, lipia. Wanasema wataandaa mafunzo kwa Kiswahili. Yakija nitampeleka msaidizi wangu, maana darasa la Jumamosi ni lake.