Uzoefu wangu na rula yenye mfuo ya kusawazisha miraba ya pembetatu mbili

Rula ninayoieleza hapa ni ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ina umbo la mraba wenye upande wa inchi 6 na nusu, na upande wake wa chini umechongwa mfuo unaopita kwa ulalo kutoka pembe moja hadi nyingine. Kazi yake ni moja tu: kusawazisha miraba iliyoshonwa kwa pembetatu mbili za rangi tofauti, ambayo ndiyo msingi wa bloku nyingi za jadi, yaani vipande vikubwa vinavyoungwa pamoja kuwa mifarishi ya viraka. Nimeitumia zaidi katika bloku ya kititia, ile ya miraba minne ambayo pembetatu zake huonekana kuzungukana kama kile kidude cha watoto kinachogeuzwa na upepo.

Ugumu wa bloku hii hauko kwenye kushona bali kwenye vipimo. Ukitaka mraba utakaobaki na inchi 3 baada ya bloku kukamilika, hesabu inataka ukate vitambaa viwili vyenye upande wa inchi 3 na 7/8, uvilaze uso kwa uso, uchore ulalo, ushone robo inchi kila upande wa mstari huo, kisha ukate juu ya mstari wenyewe ili upate miraba miwili. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini kitambaa kina unene wake, mkunjo wa mshono hula nyuzi kadhaa, na ukingo uliokatwa mshazari huvutika hata kwa uzito wa pasi. Tofauti ya inchi 1/16 katika mraba mmoja ni rahisi kutoiona, ila ukipanga miraba 16 katika safu moja imekwisha kuwa inchi nzima, na hapo ncha za pembetatu humezwa na mishono na safu zikakataa kulingana. Kwa sababu hiyo mimi hukata vitambaa kwa inchi 4 kamili, nikapata mraba wa takriban inchi 3 na 5/8, kisha nikaupunguza hadi inchi 3 na nusu, yaani inchi 3 pamoja na nafasi ya mshono pande zote.

Hapo kwenye kupunguza ndipo rula hii inapostahili sifa. Rula ya kawaida yenye mstari wa ulalo humlazimu mshonaji aulinganishe mstari huo na mshono kwa macho, huku mkono mmoja ukikandamiza na mwingine ukiendesha kisu cha gurudumu, na kuteleza kidogo tu kunatosha kuupeleka ulalo nje ya pembe. Hii yenye mfuo hukaa juu ya tuta dogo la mshono. Unaisukuma taratibu mpaka unahisi imeshika, na baada ya hapo haitelezi kuelekea upande wowote wa mshono. Unakata kingo mbili, unauzungusha mraba, unaziweka kingo zilizokatwa kwenye alama ya inchi 3 na nusu, unamalizia mbili zilizobaki. Ulalo huishia kwenye pembe bila ubishi, hata pale macho yanapokuwa yamechoka na rundo bado ni kubwa, na kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuifanya inunuliwe.

Ina masharti yake, hata hivyo. Mfuo unahitaji mshono uliolazwa upande mmoja. Anayependa kuutandaza mshono kushoto na kulia hatapata tuta la kushikilia, na kwake rula hii haina faida kuliko nyingine yoyote. Katika kititia sharti hilo halinisumbui, maana nikilaza mishono yote upande wa rangi iliyokoza, inapokutana katikati huelekea pande zinazopingana na kuumana vizuri. Pia haiwezi kuongeza kitambaa ambacho hakipo: mraba uliotoka mdogo kwa sababu mshono ulikuwa mpana utabaki mdogo. Alama zake nyembamba nyeusi, nasema kwa masikitiko, hupotea kabisa juu ya kitambaa cha bluu iliyokoza, na mtengenezaji angefanya vyema kuzichora kwa rangi mbili.

Kwa atakayeitumia, ninashauri kitambaa kipakwe wanga na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, na baada ya kushona pasi ishushwe na kuinuliwa badala ya kuburutwa, kwa sababu tuta lililopinda huipotosha rula. Inafaa sana pamoja na njia ya kushona miraba 8 kwa mara moja, ambapo vitambaa viwili vya inchi 8 hushonwa kwenye ulalo zote mbili na kutoa miraba ya kutosha bloku mbili za kititia, huku kingo za nje zikibaki kwenye mnyoofu wa uzi. Njia ya kushona kuzunguka kingo na kutoa miraba minne ni ya haraka, lakini huacha kila ukingo ukiwa wa mshazari, nami siipendi kwa bloku itakayofuliwa mara kwa mara.

Kipimo cha inchi 6 na nusu ndicho ningekichagua kwanza, kwa kuwa kinasawazisha mraba wowote ulio mdogo kuliko hapo. Anayeshona juu ya karatasi iliyochapwa ruwaza hana haja nayo.