Chupa za maziwa nilizozipanga kwa tundu la chuchu

Saa nane usiku, mwanangu ana wiki tatu, chupa mpya mdomoni. Alivuta mara mbili, akatoa macho, vidole vikatanuka kama vya mtu anayeanguka, kisha maziwa yakamtoka puani. Hakukohoa. Alinyamaza, na ule ukimya ndio uliofukuza usingizi wangu wote. Nikamgeuza kifudifudi mkononi, kichwa kikiwa chini kidogo, nikampigapiga mgongoni mpaka akakohoa na kulia. Sijawahi kukifurahia kilio kama kile.

Boksi la chupa lilisema "mtiririko wa polepole, tangu kuzaliwa". Asubuhi niliijaza maji nikaipindua juu ya sinki. Nilitegemea matone. Ukatoka uzi, mwembamba, usiokatika, mpaka chupa ikaisha nimesimama naiangalia. Nilipoirudisha dukani, muuzaji aliitazama kana kwamba nimemletea mtoto mwenyewe, akaniambia: "Atazoea tu, mama."

Basi hapa chini nimepanga chupa kwa kigezo kimoja: chuchu inatoa maziwa kwa kasi gani, na je, inamwachia mtoto nafasi ya kupumua? Vishikio, rangi na picha za tembo sizigusi. Hata plastiki nitaipitia haraka. BPA, kemikali iliyokuwa ikitumika kutengeneza plastiki ngumu, ilishapigwa marufuku kwenye chupa za watoto Umoja wa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012, kwa hiyo yale maandishi makubwa ya "haina BPA" ni mtu kujisifia kwamba hakuvunja sheria. Siku hizi chupa nyingi ni za polipropilini, na mwaka 2020 watafiti wa Trinity College Dublin walionyesha kwamba plastiki hiyo ikipata maji ya moto humwaga chembechembe nyingi mno zisizoonekana kwa macho. Mimi nakoroga maziwa ya unga kwenye jagi la kioo lililochemshwa, kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na yakipoa ndipo nayahamishia kwenye chupa. Ukitaka kuruka hatua hiyo, nunua chupa ya kioo. Yamekwisha ya plastiki.

Turudi kwenye tundu. Watengenezaji hawana kipimo cha pamoja cha kasi ya chuchu. Kila mmoja amejitungia alfabeti yake. Dr. Brown's wanazo za watoto njiti, halafu inakuja T, ndipo 1. MAM wanaanza na 0. Pigeon wanatumia herufi: SS, S, M, L. Avent nao wana namba zao. Kwa hiyo ukihama kampuni ukanunua "namba 1" ukidhani umepata kitu kilekile, unacheza bahati nasibu, na anayelipa ni mtoto. "Polepole" ya huyu inaweza kuwa "haraka" ya yule.

Kinachoniudhi zaidi ni umri ulioandikwa kwenye pakiti. Mama mmoja aliniandikia kwamba aliambiwa mtoto wake wa miezi mitatu "lazima" apande namba. Lazima ya nani? Mtoto ananyonya vizuri, anamaliza, analala, uzito unaongezeka, kisha umbadilishie chuchu kwa sababu ya kalenda? Mwangalie mtoto. Maziwa yakimchirizika pembeni mwa mdomo, akigugumia bila kupumzika, akikunja uso na kugeuza kichwa, vidole vikitanuka, tundu ni kubwa. Akivuta mpaka chuchu inabonyea, akichoka na kusinzia chupa ikiwa nusu, akikasirika kila mlo, hapo fikiria kupanda. Mlo wa kawaida huchukua kama dakika 15 hadi 30. Mtoto mchanga anayemaliza chupa kwa dakika tano si hodari wa kunyonya, amemiminiwa.

Ya kwanza ni Dr. Brown's, na sifichi mapenzi yangu. Sijapewa hata kifuniko cha bure. Ndani ya chupa kuna kibomba kinachopitisha hewa hadi nyuma ya maziwa, kwa hiyo hewa haipiti katikati ya maziwa na mtoto halazimiki kuachia chuchu ili chupa ipumue. Lakini mimi niliipendea chuchu. Kuna ngazi kadhaa chini ya namba 1, jambo ambalo wengine wengi hawalifikirii kabisa, kana kwamba watoto wote huzaliwa wakiwa na pumzi za mpiga tarumbeta. Wa kwangu alianza na T. Mlo wa kwanza nilimsikia akivuta, akimeza, akipumua, akivuta, akimeza, akipumua, kwa mpangilio, nikalia peke yangu kama mjinga.

Sasa kasoro, maana anayekwambia haina kasoro hajawahi kuiosha. Vipande ni vingi, na kile kibomba kina kibrashi chake chembamba ambacho ukikipoteza umepoteza chupa. Ukipitisha maziwa juu ya mstari wa mwisho wa ujazo, yanavuja. Ukiyapasha moto kibomba kikiwa ndani na chupa imefungwa, yanapanda kibomba na kukumwagikia. Nililijua hilo sketi ikiwa imeshalowa. Pasha kwanza, weka kibomba baadaye, kisha dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumpa. Zile za toleo la Options zinaweza kutumika bila kibomba mtoto akikua, kwa hiyo adhabu ya kibrashi si ya milele.

Ya pili ni Philips Avent Natural Response. Chuchu yake imeundwa isitoe maziwa mpaka mtoto avute mwenyewe. Ipindue na haidondoshi. Kwa mtoto anayepaliwa hili ni jambo kubwa, kwa sababu akipumzika, chupa nayo inapumzika. Ila aliyezoea chuchu inayojimwagia atanuna siku mbili tatu akidhani imeziba, na mzazi naye atadhani hivyohivyo. Usikimbilie sindano! Nimeona watu wakipasha sindano na kutoboa chuchu ili "ifunguke". Tundu la sindano halina kipimo, silikoni iliyochanika inaendelea kuchanika, na kipande kikikatika kinaingia mdomoni. Angalizo moja: chuchu za Natural Response haziingiani na chupa zao za Anti-colic, ingawa jina la kampuni ni lilelile na mara nyingi rafu ni ileile. Soma boksi, maana muuzaji hatakusomea.

Pigeon, hasa zile za SofTouch zenye shingo pana, naiweka ya tatu. Silikoni yake ni laini kuliko zote nilizoshika, na SS ni ndogo kwelikweli. Ningeipandisha juu kama herufi zile zisingefanana na za fulana.

Ya nne ni MAM. Kitako chake kinafunguka na hewa inaingilia huko chini, na unaweza kuitakasa kwenye maikrowevu bila kifaa kingine: maji mililita 20 kwenye kitako, dakika tatu. Kwa safari haina mpinzani. Nyumbani, usiku, ukiwa umechoka, utasahau kukaza kitako, na utajua.

Zile za bei rahisi zisizo na jina? Ijaze maji, ipindue. Ikitoa uzi, bakisha chupa na utafute chuchu ya maana inayoingia kwenye shingo hiyo.

Nina neno na wauzaji. Chuchu za polepole zaidi hamzileti, mnasema "haziendi". Haziendi kwa sababu hatujui kama zipo! Mnatuuzia seti ya chupa tano kubwa kwa mtoto anayekunywa mililita 60, na ndani mmeshafunga chuchu ya miezi sita, na ukiuliza ya mtoto mchanga unaambiwa inauzwa peke yake, mbili kwa pakiti, kwa bei inayokaribia ya chupa nzima. Kipande cha silikoni kisichofikia ukubwa wa kidole gumba! Halafu juu ya boksi mmeandika "kama ziwa la mama". Tangu mwaka 1981 ipo Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, na inahusu chupa na chuchu pia, si maziwa ya kopo tu. Inasema bidhaa hizi zisitangazwe kwa umma. Ninachoomba mimi ni kidogo kuliko hicho: futeni hilo ziwa kwenye boksi, andikeni kasi halisi, mililita ngapi kwa dakika. Nafasi itatosha.

Na hata ukiwa na chuchu ninayoisifia, ukimlaza mtoto chali na kuisimamisha chupa wima juu ya uso wake, umefuta faida yote. Mkalishe nusu wima, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, chupa ilale karibu sambamba na sakafu, maziwa yajaze ncha ya chuchu tu. Gusa midomo yake na chuchu, mwache aichukue mwenyewe. Kila baada ya muda ishushe chupa ili maziwa yarudi nyuma, apumue, abeue, kisha aendelee kama anataka. Asipotaka, yamekwisha, na yaliyobaki yanamwagwa. Kuitegemeza chupa kwa mto ukaondoka kufanya kazi nyingine ni hatari kwa chupa yoyote, hata ile ya kwanza kwenye orodha yangu.

Chuchu zenyewe zikague kila unapoosha. Ivute, itazame kwenye mwanga. Ikiwa inanata, imevimba, imebadilika rangi au tundu limechanika, itupe hata kama uliinunua juzi. Meno yakianza kutoka utazitupa mara nyingi zaidi.

Wangu sasa ana miezi minane, meno mawili, na bado anatumia namba 1. Anamaliza chupa kwa dakika 20, anaitazama, halafu anaitupa chini.